Bei ya Jana Ndiyo Shahidi: Je, Ofa Kubwa za Mtandaoni ni Ofa za Kweli?

Haya ndiyo maneno niliyoyasema katika mkutano wetu, na nimeyaweka hapa yote kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, kwani maneno yanajitosheleza bila hizo.

Ndugu mwenyekiti, ndugu wanachama, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nijibu swali moja tu. Zile siku za mapunguzo makubwa mtandaoni, ambapo kila tovuti inawaka rangi nyekundu na kila simu inalia kutuletea tangazo, je, bei zake ni nafuu kweli? Sitawazungusha. Nafuu ya kweli ipo, lakini ni kidogo kuliko matangazo yake, na mtu hawezi kuitambua kwa kuitazama siku ile ile inapotangazwa. Muuzaji anapotuambia kwamba bei imepungua, kwa hakika hatupi habari ya leo, bali anatupa habari ya jana. Anadai kwamba jana, au juma lililopita, au mwezi uliopita, kitu hiki kiliuzwa kwa fedha nyingi zaidi. Huo ni ushahidi anaoutoa kuhusu wakati uliopita, tena anautoa yeye mwenyewe, katika shauri ambalo yeye ndiye mwenye faida. Je, kuna baraza gani ambalo lingekubali ushahidi wa namna hiyo bila kuuliza swali hata moja?

Kabla ya kuuliza, tukumbuke siku hizi zilikotoka. Jina la Black Friday, yaani Ijumaa Nyeusi, lilitumiwa na polisi wa Philadelphia, nchini Marekani, katikati ya karne iliyopita, nao walilitumia kulalamikia msongamano wa watu na magari uliofuata sikukuu ya Shukrani. Halikuwa jina la furaha hata kidogo. Mwaka 2005 wauzaji wa rejareja wa nchi hiyo hiyo wakaipa jina Jumatatu inayofuata, Cyber Monday, ili watu waendelee kununua kwa kompyuta baada ya kurudi kazini. Mwaka 2009 kampuni ya Alibaba ya China iliichukua tarehe 11 Novemba, ambayo vijana wasio na wenzi walikuwa wakiiadhimisha, ikaifanya siku ya mauzo. Ilianza na chapa 27 tu, na miaka 10 baadaye mauzo yaliyotangazwa kwa siku hiyo moja yalifika yuan bilioni 268.4. Mwezi Julai 2015 Amazon, kampuni ya Marekani inayouza mtandaoni, nayo ikaanzisha siku yake ya ofa, Prime Day, kwa kuadhimisha miaka 20 tangu ianze kuuza.

Nimezitaja siku hizi kwa sababu ninataka tuone jambo moja. Hakuna hata moja kati yake iliyozaliwa kwa sababu gharama ya kutengeneza runinga au viatu ilishuka tarehe hiyo. Zote zilizaliwa kwa sababu wauzaji walitaka tununue kwa wingi, kwa pamoja, na kwa wakati waliouchagua wao. Hilo si kosa wala si dhambi. Mfanyabiashara ana haki ya kuchagua siku yake ya kuita watu. Lakini mwitwaji naye ana haki ya kuuliza anaitiwa nini.

Ndugu zangu, naomba tuanze na ile namba iliyokatwa mstari, na hapo nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo.

Mnaifahamu. Iko juu ya bei mpya, imeandikwa kwa wino hafifu, imepigwa mstari katikati, na pembeni yake pana asilimia kwa rangi inayong'aa. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jaribio ambalo nadhani kila mnunuzi angepaswa kulijua. Walizungusha gurudumu lenye namba mbele ya watu, na gurudumu hilo lilikuwa limetegwa lisimame ama kwenye 10 ama kwenye 65. Kisha wakawauliza watu hao wakadirie ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa ni nchi za Afrika. Walioona 10 walikadiria kama asilimia 25. Walioona 65 walikadiria kama asilimia 45. Gurudumu na Umoja wa Mataifa vina uhusiano gani? Hakuna. Hata hivyo namba ya kwanza kuonwa iliwavuta watu waende upande wake, na walivutwa bila kujijua.

Sasa fikirini namba ambayo haikutoka kwenye gurudumu, bali imewekwa na mtu anayetaka tununue, juu kidogo ya bei anayotaka tulipe. Itatuvuta kwa nguvu kiasi gani? Tukiona mia mbili imekatwa na mia moja imebaki, hatuulizi tena kama kitu hicho kina thamani ya mia moja. Tunahesabu mia moja ambayo tunadhani tumeiokoa. Swali limebadilishwa mbele ya macho yetu, nasi tumelijibu lile jipya.

Namba hiyo iliyokatwa hutoka wapi? Mara nyingine hutoka kwenye ukweli: kitu kilikuwa kikiuzwa kwa bei hiyo, watu wakanunua, na leo kimeshushwa. Mara nyingine ni bei ambayo mtengenezaji aliipendekeza siku bidhaa ilipotoka kiwandani, na ambayo huenda hakuna duka lililoitoza tena kwa muda mrefu. Na mara nyingine bei imepandishwa kwanza ili iweze kushushwa.

Hilo la mwisho silisemi kwa kukisia. Mwezi Juni 2018 kampuni ya Kogan ya Australia, inayouza mtandaoni, ilitangaza punguzo la asilimia 10 kwa wateja watakaotumia neno maalumu la siri wakati wa kulipa. Mamlaka ya ushindani na ulinzi wa walaji ya nchi hiyo ikachunguza, kesi ikafika Mahakama ya Shirikisho, na mwaka 2020 mahakama ikaamua kwamba wateja walikuwa wamepotoshwa. Kabla tu ya ofa kuanza, kampuni ilikuwa imepandisha bei za bidhaa 621, na kwa nyingi kati yake bei ilipanda kwa asilimia 10 au zaidi; ofa ilipokwisha, bei zikashushwa tena. Faini ilikuwa dola 350,000 za Australia.

Naomba tufanye hesabu yake pamoja, kwa sababu ni hesabu fupi. Kitu kinauzwa mia moja. Kinapandishwa kwa asilimia kumi, kinakuwa mia na kumi. Kisha mnunuzi anapewa punguzo la asilimia kumi. Analipa ngapi? Analipa tisini na tisa. Ameitwa kwa tarumbeta, ameacha shughuli zake, ameingiza neno la siri kwa furaha ya mtu aliyepata bahati, na nafuu yake yote ni moja katika mia. Na kama bei ilipandishwa kwa asilimia kumi na mbili au zaidi, amelipa zaidi kuliko ambavyo angelipa juma lililotangulia.

Wala Australia haiko peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2020 mamlaka ya usimamizi wa masoko ya China iliyatoza majukwaa matatu makubwa, JD.com, Tmall na Vipshop, faini ya yuan 500,000 kila moja, kwa mwenendo usiofaa wa bei katika kipindi cha ile tarehe 11 Novemba. Mwaka 2017 Amazon nchini Kanada ilikubali kulipa adhabu ya dola milioni moja za nchi hiyo, kwa kuwa ilikuwa ikionyesha akiba ya mnunuzi kwa kulinganisha bei yake na bei za kawaida ilizopewa na wagavi bila kuzihakiki. Angalieni tofauti ya mambo haya. Katika lile la Kanada, namba iliwekwa tu bila mtu kuhakikisha kama ni ya kweli, na wanunuzi wakaonyeshwa kana kwamba imehakikiwa. Uzembe wa namna hiyo unatosha kumpotosha mtu sawasawa na hila.

Walio makini zaidi katika jambo hili, kwa maoni yangu, ni Umoja wa Ulaya. Tangu tarehe 28 Mei 2022 sheria zake zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya awali, na bei hiyo ya awali iwe ndiyo ya chini kabisa aliyoitoza katika muda usiopungua siku 30 kabla ya punguzo. Mnaona uzuri wa kanuni hiyo? Haimkatazi mtu kupandisha bei. Haimkatazi mtu kushusha bei. Inamtaka tu alete shahidi wa jana, na asijichagulie shahidi anayempendelea.

Kanuni hiyo ilijaribiwa mahakamani kwa kisa ambacho kilinigusa kwa udogo wake. Duka moja kubwa la Ujerumani lilichapisha kijikaratasi cha matangazo kilichosema kwamba ndizi zimepunguzwa kwa asilimia 23. Kwa maandishi madogo, kijikaratasi hicho hicho kilitaja bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizopita, na bei hiyo ilikuwa sawa kabisa na bei ya ofa. Maana yake ni kwamba ndani ya mwezi huo huo ndizi zilikuwa zimeuzwa kwa bei ile ile bila tarumbeta yoyote. Shirika la walaji likashitaki, na tarehe 26 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba haitoshi kuitaja bei ya chini kwa herufi ndogo. Asilimia yenyewe inayotangazwa lazima ihesabiwe kutoka kwenye bei hiyo ya chini. Ilikuwa kesi ya ndizi, ndugu zangu, na ilibidi ifike mahakama ya juu ya nchi nyingi ili neno "punguzo" lirudishiwe maana yake.

Kwa wale tusioishi chini ya sheria hiyo, je, tufanyeje? Nitalifikia, lakini kwanza naomba niwape matokeo ya watu waliopekua jana kwa niaba ya wengine. Shirika la walaji la Uingereza liitwalo Which? limekuwa likichukua ofa za Black Friday na kufuatilia bei za bidhaa hizo hizo miezi sita kabla na miezi sita baada ya siku hiyo. Si mara moja, bali mwaka baada ya mwaka, limekuta kwamba sehemu kubwa mno ya bidhaa hizo ziliweza kupatikana kwa bei ile ile au ya chini zaidi katika siku nyingine za mwaka. Naomba tulielewe hili kwa haki. Halisemi kwamba bei za siku ile zilikuwa mbaya. Linasema kwamba hazikuwa za siku ile peke yake. Na kama si za siku ile peke yake, basi ile sababu ya kukesha na kununua usiku wa manane imeondoka.

Kabla sijaiacha namba iliyokatwa, kuna neno dogo linaloishi jirani nayo, nalo ni "hadi". Punguzo la hadi asilimia sabini. Neno hilo linatimizwa na bidhaa moja tu iliyoshushwa kwa asilimia sabini, hata kama nyingine elfu moja zimeshushwa kwa tano.

Sasa nije kwenye upande wa pili, kwa sababu nimesema nafuu ya kweli ipo, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kuwatukana wafanyabiashara. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika soko la leo hata kizuri hutembezwa, kwa hiyo kelele peke yake si dalili ya ubovu. Swali la kumsaidia mnunuzi ni jingine: muuzaji huyu ana sababu gani ya kukubali fedha kidogo? Mtu akiuza chini ya bei yake ya kawaida, sababu ipo. Ukiipata, utajua kama nafuu ni yako au ni yake.

Sababu moja nzuri ni ghala. Toleo jipya la simu, la kompyuta au la mashine ya kufulia linakaribia kuingia sokoni, na la zamani limejaa stoo likila nafasi na kupoteza thamani kila siku. Hapo muuzaji anataka kweli kuliondoa, na mnunuzi asiyehitaji toleo la mwisho kabisa anaweza kupata kitu kizuri kwa bei ya chini kabisa ya mwaka. Vivyo hivyo nguo na viatu vya msimu unaokwisha. Hizo ni nafuu za kweli, na nimewahi kuzipata.

Sababu ya pili ni kwamba faida yake iko mbele. Majukwaa makubwa hushusha sana bei za vifaa vyenye jina lao, kama spika janja na visoma vitabu vya kielektroniki, na bei hizo huwa za chini kweli. Amazon hufanya hivyo karibu kila Prime Day kwa vifaa vyake. Kwa nini? Kwa sababu aliye na kifaa hicho nyumbani ataendelea kununua vitabu, muziki na bidhaa nyingine kupitia kwacho. Je, hiyo ni ofa nzuri? Kwa mtu aliyekuwa ameshakusudia kununua vitabu hivyo, ni nzuri sana. Kwa asiyekuwa na kusudi hilo, amenunua mlango wa duka la mtu mwingine akaufunga ukutani kwake.

Hapa naomba niwasimulie yaliyonipata. Katika siku moja ya ofa nilinunua printa. Bei yake ilikuwa imeshuka kweli. Niliihakiki baadaye na sikuona mahali ilipowahi kuuzwa chini ya hapo. Nilijisifu. Miezi michache ikapita, wino ukaisha, nikaenda kuagiza mwingine, na nikakuta kwamba vichupa viwili vya wino vinakaribia bei niliyolipia mashine nzima. Wino wa kampuni nyingine mashine iliukataa. Punguzo lilikuwa la kweli kabisa, na ununuzi ulikuwa mbaya kabisa. Nilikuwa nimeuliza bei ya mashine bila kuuliza bei ya kuitumia, na swali hilo la pili nisingeweza kulijibu kwa dakika kumi nilizojipa usiku ule.

Kuna sababu ya tatu, ambayo mnunuzi anapaswa kuichunguza kwa makini kuliko zote: kitu chenyewe si kile anachodhani. Viwanda vingine vya runinga na vifaa vya umeme hutengeneza modeli maalumu kwa ajili ya misimu ya mauzo. Jina kubwa la chapa ni lile lile, umbo linafanana, lakini namba ya modeli inatofautiana kwa herufi moja au mbili, na ndani yake kioo ni cha daraja la chini, matundu ya kuunganishia nyaya ni machache, au spika ni dhaifu. Haikuwahi kuuzwa kwa bei ya juu, kwa sababu haikuwepo. Bei tunayoambiwa imeshuka haikuwahi kupanda. Anayenunua bila kusoma namba ya modeli ameuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama gunia lenyewe lina nembo anayoiheshimu.

Sasa kuhusu saa, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa nadhani wengi wenu mmeshaishuku.

Ile saa inayohesabu kurudi nyuma kando ya bidhaa, na yale maneno kwamba zimebaki mbili tu, na ule ujumbe kwamba mtu fulani wa mji fulani amenunua sasa hivi, vyote vina kazi moja, nayo ni kutuzuia tusiende kuuliza jana. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na Chuo Kikuu cha Chicago walitumia programu kupekua tovuti za mauzo zipatazo 11,000, wakakuta vitendo 1,818 vya kumsukuma au kumzuga mnunuzi. Baadhi ya saa walizozikuta zilikuwa za uongo: muda ulikwisha na ofa ikabaki pale pale, au saa ikaanza upya kwa mtu aliyefungua ukurasa upya. Na baadhi ya ujumbe kuhusu wanunuzi wengine ulitungwa na kompyuta kwa namba za kubahatisha. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na mji. Hakukuwa na ununuzi.

Je, saa zote ni za uongo? Hapana. Ofa nyingine huisha kweli kwa muda uliotajwa. Lakini mimi nimejiwekea kanuni kwamba saa ikinikataza kuuliza, jibu langu ni kutonunua, na sijawahi kujuta kwa kitu nilichokikosa kwa njia hiyo.

Ndugu zangu, hadi hapa nimewazungumzia wauzaji. Ingekuwa si haki nikikaa chini bila kutuzungumzia sisi wenyewe, kwa sababu kuna kisa kinachonisumbua kila ninapolifikiria jambo hili.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 mnyororo wa maduka wa J.C. Penney wa Marekani, ukiongozwa na Ron Johnson aliyetoka kampuni ya Apple, uliamua kuacha mchezo wa mapunguzo. Bei za juu zilizokuwa zikiwekwa ili zikatwe ziliondolewa. Kuponi ziliondolewa. Bidhaa nyingi zikapewa bei ya chini ya kila siku, na wateja wakaambiwa wazi kwamba kuanzia sasa hawana haja ya kusubiri siku ya ofa. Si ndivyo tunavyodai kila siku kwamba tunataka? Bei ya kweli, bila kuzungushwa? Ndani ya mwaka ule mmoja mauzo yalianguka kwa takriban robo, kutoka dola bilioni 17.3 hadi karibu bilioni 13. Mwezi Aprili 2013 Johnson aliondolewa, na mapunguzo yakarudi.

Kampuni hiyo ilikuwa na matatizo mengine, na sitaki kulibebesha jambo moja mzigo wote. Lakini wateja waliondoka, wengi wao, kutoka mahali ambapo bei ilikuwa imesemwa kwa uaminifu. Waliondoka kwa sababu walikuwa wamepokonywa kitu walichokipenda. Mwanauchumi Richard Thaler alishaeleza, tangu miaka ya 1980, kwamba mnunuzi hupata raha za aina mbili: raha ya kitu chenyewe, na raha ya kuhisi kwamba amekipata kwa bei ya chini kuliko alivyotarajia. Hiyo ya pili ni raha ya kweli. Naikiri, kwa sababu nimeihisi. Lakini raha hiyo haivaliki, hailiki, wala haiwashi taa, na inaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye uwezo wa kuandika namba na kuipiga mstari. Tukiitaka raha hiyo kuliko tunavyotaka bei ya haki, basi tutaletewa raha hiyo, na atakayetuletea bei ya haki atafilisika mbele ya macho yetu.

Basi tufanyeje? Mtu mmoja aliniuliza hivyo mlangoni kabla hata sijaanza, na nilimwomba asubiri.

Dada yangu mkubwa ana daftari. Ndani yake anaandika kila kitu anachohitaji, siku anapogundua kwamba anakihitaji, na pembeni anaandika bei ya siku hiyo pamoja na namba kamili ya modeli. Kila mwezi anapitia orodha na kuandika bei tena. Kwa bidhaa zinazouzwa na Amazon siku hizi kuna huduma kama Keepa na CamelCamelCamel zinazohifadhi historia ya bei na kuionyesha kwa mchoro, lakini yeye hupenda kalamu yake, na kalamu inafanya kazi kwa duka lolote. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo alivyofundishwa na mama yetu, na yeye ameligeuza neno hilo kuwa silaha ya mnunuzi. Msimu wa ofa unapofika, hasomi matangazo. Anafungua daftari lake, anatafuta vitu vyake kimoja kimoja, na anamlinganisha muuzaji wa leo na muuzaji wa jana, ambaye ni yule yule.

Na halinganishi bei ya kitu peke yake. Huongeza gharama ya kusafirisha, huuliza nani atalipa mzigo ukirudishwa, na hukataa kuongeza kitu kikapuni ili tu afikie kiwango cha kusafirishiwa bure. Malipo ya awamu huyaangalia kwa jumla yake, si kwa kipande cha kila mwezi, kwa sababu ada ya kuchelewa mara moja inaweza kuufuta unafuu wote.

Msimu uliopita nilikaa naye usiku mmoja alipokuwa akifanya kazi hiyo. Orodha ilikuwa na vitu kumi na kimoja. Kimoja hakikuwa na ofa yoyote. Viwili vilikuwa vimepanda juu ya bei ya miezi miwili iliyopita, ingawa vilitangazwa kwa asilimia nono. Vitano vilikuwa kwenye bei ile ile aliyoiandika wakati wa kiangazi, kila kimoja kikiwa na namba kubwa iliyokatwa juu yake. Vitatu vilikuwa vimeshuka kweli, chini ya bei yoyote aliyowahi kuiandika. Kati ya hivyo vitatu alinunua viwili. Cha tatu alikifikiria kwa muda, akachukua kalamu, akakifuta kwenye orodha, kwa sababu alipokiona tena kwa bei nafuu alitambua kwamba ameishi miezi saba bila kukikumbuka.

Nimelileta daftari lile leo kwa ruhusa yake, na liko hapa mezani. Atakayependa kuona jinsi alivyopanga safu zake za bei na tarehe aje alitazame wakati wa maswali, na mwenye swali sasa anyooshe mkono. Asanteni sana kwa kunisikiliza.